Picha Ambayo Hukuniambia Niikate

Mpendwa Mama Mutheu,

Niko na swali. Najua hapo ulipo umeshatabasamu, maana tangu siku ile ulipoingia dukani kwangu mjini Machakos kutafuta kipande cha kioo, sijawahi kukusemesha bila swali mdomoni. Ulikuwa ukisema kwamba kama ningezaliwa mwanamke watu wangeniita mbea. Lakini hili la leo si la umbea. Nataka kujua kama picha yako ya mwisho, ile iliyobaki imebandikwa kwenye ubao wake chumbani mwako, ulikuwa umeimaliza.

Aliyeniuliza kwanza ni binti mmoja mhariri, wa wale wachapishaji wako wa Nairobi. Wanakusanya picha zako zote, zile za vitabu vya kusoma vya watoto na zile za kalenda, wazitoe katika kitabu kimoja kikubwa, na hiyo ya mwisho wanaitaka kwenye jalada. Alikuja kuiona akaipenda sana. Kisha akaelekeza kidole kwenye lile doa jeupe nyuma ya nyumba, doa dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, akasema, "Mzee, hapa naona hakumalizia. Lakini usijali, tutaijaza na kompyuta, hakuna mtu atajua."

Nikamwambia aningoje kwanza. Wakilijaza doa hilo, na kumbe uliliacha makusudi, watakuwa wamekuharibia kazi. Wakiliacha, na kumbe hukuwahi kulimaliza, watu watakuona mzembe katika picha yako ya mwisho, tena kwenye jalada, na mimi ndiye nitakuwa nimekuaibisha. Juu ya hayo binti huyo ameniomba niandike maneno ya kutangulia kitabu. Mimi utangulizi siujui. Najua kukuandikia wewe. Kwa hiyo wasomaji wetu watusamehe, watasoma barua ya wenyewe, na pale nitakapoeleza mambo unayoyajua vizuri kuliko mimi, jua nawaelezea wao.

Unakikumbuka kile kioo? Nilikuuliza dirisha lako ni la ukubwa gani.

"Si ya dirisha," ukasema. "Ni ya kusagia."

"Kusaga nini?"

"Mchanga."

Nikakuangalia vizuri. Mwalimu wa shule, viatu vimeng'arishwa, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa, anataka kusaga mchanga. Mimi nilikuwa kijana mfanyabiashara kutoka Murang'a, nimekuja kuuzia Wakamba vioo na fremu, na nilikuwa nimeonywa nyumbani kwamba huku kuna dawa kali. Nikauliza, "Mchanga ya kufanya nini, mwalimu?"

"Ya kuchora barabara ya Kola," ukasema, kama mtu anayesema majani ya kupikia chai.

Nilikukatia kioo kinene, nikakisugua kingo zisikukate, na nikakuletea mwenyewe mpaka kwenu ili nione kitakavyotumika. Baba yako alidhani nimeleta habari za posa. Hakukosea sana, ila siku hiyo udadisi ndio ulionipeleka.

Nikaona. Ulikuwa umechukua udongo mwekundu kutoka pale barabara ilipokatwa karibu na Kyumbi, ukauchuja kwa soksi ya nailoni, na sasa unausaga juu ya kioo changu kwa kitako cha chupa, duara kwa duara, mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto. Ukatia utomvu wa mgunga uliouloweka tangu jana, ili rangi ishike karatasi. Mwisho ukachovya kijiti kwenye chupa ya asali ukadondosha tone.

Nikauliza asali ni ya nini. Ukasema bila asali rangi inakauka na kupasuka kwenye kibakuli. Nikauliza, je, ikizidi? Ukasema hujui, hujawahi kuzidisha. Wakati mwingine nafikiri ulikubali kuolewa nami kwa sababu ya swali hilo, maana wiki iliyofuata ulikuwa umejaribu.

Wasomaji wenye vile vitabu vya zamani vya darasa la pili wafungue ile picha ya barabara ya kwenda Kola. Pale kwenye kona barabara inakatika, inaanza tena mbele kidogo. Hayo ndiyo majibu ya swali langu. Asali ilizidi, mvua zikaja, rangi ikakataa kukauka, na asubuhi moja tukakuta sisimizi wamejipanga juu ya picha. Walikuwa wanapita kwenye barabara tu, majani na mbingu hawakuyagusa, kwa sababu nyekundu peke yake ndiyo iliyokuwa na asali nyingi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ulichukua unyoya wa kuku ukawafagia polepole, ukaangalia pale walipokula, ukasema, "Wamekula kona yenyewe." Wachapishaji walikuwa wanaingoja, kwa hiyo ikaenda hivyo hivyo. Miaka mingi baadaye binti yetu Mutheu alirudi kutoka shule akatueleza kwamba mwalimu wao amewauliza barabara imeenda wapi, na darasa zima likajibu imebebwa na mto. Ulifurahi siku hiyo kuliko siku ulipolipwa.

Kuhusu nyeupe nilikuuliza mapema sana, kwa sababu niliona huna. Vibakuli vyako vilikuwa na nyekundu ya Kyumbi, manjano ya udongo wa mtoni, nyeusi ya masizi ya jikoni, na ile buluu na kijani ulizonunua Nairobi kwenye tyubu. Nyeupe hapana. Nilidhani umeishiwa, nikajitolea kukununulia.

"Nyeupe haipakwi," ukaniambia. "Nyeupe inaachwa."

Ukanionyesha. Nyeupe ya picha ya rangi za maji ni karatasi yenyewe. Ukitaka wingu, au shati kwenye kamba, au moshi, inabidi uamue kabla broshi haijagusa maji. Unaiwekea alama hafifu ya penseli, halafu unazipitisha rangi nyingine zote kando yake mpaka mwisho bila kuigusa. Ukishaipaka rangi hairudi tena. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili, na bado nimezunguka Ukambani na ubao kwapani nikiuliza watu doa jeupe ni nini. Nitafika hapo.

Kulikuwa na desturi yako nyingine ambayo sijasikia mchoraji mwingine akiifuata. Hukukubali kwamba picha imeisha mpaka mwenye mahali aione. Ulikuwa unachora nyumba za watu ukiwa umekaa ng'ambo, upande wa pili wa bonde, kisha picha ikiwa bado imebandikwa kwenye ubao unaipeleka mpaka mlangoni pa mwenyewe na kumuuliza, "Ni nini imekosa hapa?"

Nilikusindikiza kwa bibi mmoja wa Kola, Mwaitu Ndunge, yaani Mama Ndunge kwa Kikamba. Aliushika ubao wako kwa mikono miwili, akaiangalia picha muda mrefu, akauliza, "Na hapa ni kwa nani?"

"Ni kwako, mwaitu."

"Aiya. Kwangu si hivi."

Ukamshika mkono mkavuka bonde pamoja, pole pole, ukamgeuza. Alisimama pale anaangalia boma aliloishi tangu aolewe, na alikuwa hajawahi kuliona. Wakati wa kurudi uliniambia kwamba wote wako hivyo. "Kila mtu anajua mlango yake. Mgongo ya nyumba yake hajui."

Lakini pale ng'ambo, kabla hatujarudi, Mwaitu Ndunge alipata sauti. "Na choo yangu iko wapi?"

Kilikuwa choo kipya, cha mabati, mwanawe alikuwa amekijenga wakati wa sikukuu. Ukakaa pale pale kwenye nyasi ukakitia. Sasa watoto wa Kenya nzima wanajifunza kusoma wakiangalia choo kilichosimama kwa heshima kama kanisa.

Na yule mzee wa Mitaboni aliyesema ng'ombe wake amekosa. Ukamchora ng'ombe, mwekundu, mwenye baka usoni, vile alivyokuelekeza. Tulipokuwa tunaondoka mke wake akaninong'oneza kwamba ng'ombe huyo ameshauzwa. Nikakuambia barabarani, nikidhani nimekuletea habari kubwa, uirudie picha umfute.

"Nimemuuliza yenye imekosa," ukasema. "Si amesema ukweli?"



Baada ya mwenyewe kuona, ulikuwa unakiomba kioo changu kimoja kikubwa cha kujitazamia, unaiangalia picha humo ikiwa imegeuka kushoto kulia, ili makosa yasiweze kujificha. Kisha unasimama kando, unafuta mikono kwenye leso, na kuniambia neno moja tu.

"Kata."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Karatasi yako nzito ilikuwa inaloweshwa kwenye karai kabla ya kuanza, inalazwa kwenye ubao na kubandikwa kingo zote kwa utepe wa gundi, na ikikauka inakazika kama ngozi ya ngoma. Ikiwa imekazika hivyo unaweza kurudia, kuongeza, kulowesha na kufyonza rangi kwa kitambaa. Ikishakatwa, basi. Ukiitia maji tena inajikunja. Kwa hiyo sikuwahi kukata bila kuambiwa. Ningekaa na kisu mkononi hata saa ya chakula ipite. Neno likija, naanza upande mfupi, na nikifika upande wa mwisho karatasi inatoa mlio mdogo na kulegea, kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Kisha naivika kadibodi kuzunguka ili kioo kisiiguse, naiziba nyuma, naipigilia fremu. Wakati mmoja nilikushauri tuipake vanishi ya viti ing'ae. Ulisema nikiipaka hiyo tutaachana, na hukuwa unatania.

Sasa nieleze kidogo habari za vesti, maana bila hiyo wasomaji hawatanielewa.

Jumapili nikitoka kanisani huwa navua shati, nabaki na vesti nyeupe, naketi nyuma ya nyumba kwenye kile kiti kisicho na mgongo, naangalia bonde mpaka usingizi unishike. Wewe ulikuwa unachukia. "Baba Mutheu, vaa shati. Unaonekana hadi ng'ambo."

"Na nani?"

"Na watu wako na macho."

Kisha unachukua ubao wako na chupa ya maji, unaenda zako. Ulisema unaenda kuangalia mwanga. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuwahi kuuliza mwanga huo uko wapi, kwa sababu Jumapili mchana hata udadisi wangu hulala.

Swali nililouliza lilikuwa lingine. Nililiuliza kwa utani, lakini ndani yake kulikuwa na kijiwe. "Umechora choo ya Mwaitu Ndunge. Umechora ng'ombe imeuzwa. Mimi umenichora wapi?"

Ulikuwa unaosha broshi. Hukugeuka. "Wewe sijamaliza kukuangalia."

Nilicheka, nikaona umenikwepa vizuri. Niliuliza tena mwaka mwingine, na mwaka mwingine, nikapata jibu lile lile. Nikaacha. Nikajiambia mchoraji ana vitu vyake vya kuchora, na mtu anayeuza vioo huenda hana sura ya kitabu.

Ulipolazwa, ubao ulibaki umeegemea ukuta karibu na dirisha. Mapaa, matuta ya shamba, mbingu ya jioni, vyote vimekaa, na nyuma ya nyumba hilo doa. Nilikuja hospitalini mara nyingi nikiwa nimeamua kukuuliza nikate au nisikate. Nikikuona umelala na mkono wako mwepesi juu ya blanketi, nilihisi kwamba nikiuliza nitakuwa nimekubali kwamba hutaishika broshi tena. Nikakuuliza kama umekunywa uji. Ukasema umekunywa. Hayo ndiyo tuliyozungumza mpaka ukatutoka, na ninayakumbuka kwa mapenzi yote, lakini lile neno langu, "Kata", sikulipata.

Mhariri alipoondoka niliamua kufuata desturi yako. Picha lazima ionwe na mwenye mahali, na mwenye mahali ataniambia kama kuna kilichokosa. Tatizo ni kwamba sikujua ni kwa nani. Niliufunga ubao kwenye shuka nikaenda Kola. Mwaitu Ndunge, macho yamepungua sasa, aliusogeza mpaka puani akasema hata harufu si ya kwake. Nikaenda Mitaboni. Yule mzee akasema si kwake lakini kama kuna nafasi nimuongezee ng'ombe. Pale Kyumbi, wauzaji wa barabarani walikusanyika wakabishana, mmoja akaapa ni kwa shemeji yake, mwingine akasema hapa ni Makueni kabisa. Mutheu akanipigia simu kutoka Syokimau akasema, "Daddy, si uache tu hiyo story, utachoka." Nikamwambia mimi nikiacha kuuliza ndio nitachoka.

Kilichonisaidia ni usafi. Nilikuwa napanga vibakuli vyako nikaipata ile chupa ya asali, imebaki ukoko chini. Nikakumbuka chupa haikuwa yetu. Ilikuwa ya Mama Kioko, yule mwenye mizinga upande wa pili wa bonde letu. Chupa ya mtu inarudishwa. Kule nimepita mara nyingi kwa barabara ya juu, lakini kwake nilikuwa sijawahi kuingia. Nikabeba chupa mkono mmoja na ubao kwapani, kwa sababu siku hizo nilikuwa siendi hata dukani bila huo ubao.

Mama Kioko aliipokea chupa akaiangalia kwenye mwanga. "Muvea, asante sana, Baba Mutheu. Nilijua hii itarudi." Akanipitisha nyuma ya jiko lake, akanipa jiwe la kukalia. Nikafungua shuka, kwa mazoea tu.

"Mwaitu, hebu niambie, hapa ni kwa nani?"

Akaangalia picha. Akaniangalia mimi. Akaanza kucheka, akashika nguzo ya jiko.

"Baba Mutheu," akasema, "geuka."

Nikageuka.

Mama Mutheu, yule mpapai wetu uliopinda, kutoka kule haujapinda. Umesimama wima. Umeinama upande wa anayeangalia, kwa hiyo haionekani, na ndiyo sababu moja sikuutambua. Paa letu jekundu jioni linakuwa zambarau. Matuta niliyoyachimba mwenyewe sikuyajua, nilikuwa nimeyaona kutoka juu tu. Nimeishi humo miaka yote hiyo nikiwacheka wazee wa watu wasiojua migongo ya nyumba zao.

"Alikuwa anakaa hapo," Mama Kioko akasema. "Hiyo jiwe umekalia. Kila Jumapili. Namletea chai. Saa ingine hata broshi hashiki, anaangalia tu. Hata mimi nilizoea. Nikiona hiyo kitu nyeupe nyuma ya nyumba najua mzee ametoka kanisa."

Nikaangalia picha. Nikaangalia ng'ambo, nyuma ya nyumba, pale kiti changu kilipo. Nikaangalia picha tena.

Nyeupe haipakwi. Nyeupe inaachwa, na inaachwa kwanza. Kabla ya paa, kabla ya matuta, kabla hujaisaga hata nyekundu, ulikuwa umeshaniwekea mahali pangu, halafu ukazipitisha rangi zote kando yangu mpaka mwisho bila kunigusa. Nililia pale kwa Mama Kioko. Alijifanya anaangalia mizinga, Mungu ambariki.

Lakini hata kujua doa ni nini hakukuniambia kama picha imeisha. Labda ulitaka kuniongezea kivuli, au kichwa. Ilibidi mwenye mahali aulizwe, na mwenye mahali ni mimi. Jumapili iliyopita nilitoka kanisani, nikavua shati, nikaketi kwenye kiti changu na ubao magotini. Niliiangalia kwanza kwenye kioo. Kisha nikajiuliza kwa sauti, kwa maneno yako, ni nini imekosa hapa.

Nilianza na choo. Kiko. Ulijifunza. Kamba ya nguo iko, pipa la maji liko, hata yule kuku asiye na mkia yuko. Nikakutafuta wewe, na wewe hauko. Nikataka kusema basi, kilichokosa ni Mama Mutheu, naye mzee wa ng'ombe angenielewa. Ndipo nikainua macho nikaangalia ng'ambo, nikaliona lile jiwe nyuma ya jiko la Mama Kioko. Nikaelewa kwa nini hauko humu. Wewe ndiye uliye pale unaangalia. Mtu yeyote atakayekishika kitabu hiki atakuwa amekaa kwenye jiwe lako, na atakachokiona ndicho ulichokuwa unakiona Jumapili wakati mimi nasinzia.

Nikachukua kisu. Nikangoja kidogo, mazoea. Kisha nikasema mwenyewe, "Kata," na nikakata, upande mfupi kwanza. Karatasi ilitoa ule mlio wake na kulegea mikononi mwangu.

Nimemwambia yule binti asijaze kitu. Aliuliza, sasa hiyo nyeupe ni nini, mzee, ili aiandike chini ya picha. Nikamwambia ni vesti. Akasema sawa.

Nimekukumbuka sana, na nyumba ina ukimya ambao sijauzoea. Sasa nenda na amani, kazi yako imekamilika na iko kwenye fremu, kioo hakiigusi, na vanishi sijaipaka. Ila lile jibu ulilonipa ukiosha broshi, kwamba hujamaliza kuniangalia, nimeamua kulichukua kama lilivyo. Usiharakishe. Jumapili nitakuwa pale nyuma, bila shati.

Wako,
Baba Mutheu